Nimetapeliwa kwa simu na WhatsApp yangu imechukuliwa: bado kuna la kufanya?

Swali: Mimi ni mfanyabiashara wa vitenge jijini Mwanza na pia ni mhazini wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, VICOBA. Siku tatu zilizopita nilipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa mhudumu wa kampuni yangu ya simu. Alinitajia majina yangu yote matatu na namba yangu ya kitambulisho cha taifa (NIDA), akasema laini yangu ina hitilafu na ingefungwa jioni ile. Akaniongoza kubonyeza hatua kadhaa kwenye simu, kisha akanitaka nimsomee tarakimu sita zilizoingia kwa ujumbe mfupi. Alipokata simu nikakuta shilingi 1,200,000 zimetoka kwenye akaunti yangu ya simu, na WhatsApp yangu haifunguki. Jioni yake wanakikundi wawili walituma jumla ya shilingi 850,000 kwenye namba waliyopewa na mtu aliyeandika kwa jina langu kwamba nina mgonjwa hospitalini. Mume wangu ananishauri ninyamaze ili kuepusha aibu. Kijana mmoja niliyemkuta Facebook anasema anaweza kuzirudisha fedha zote nikimlipa shilingi 150,000. Nifanye nini? Na je, wale wenzangu nina wajibu wa kuwalipa?

Jibu: Pole sana, dada. Uliyoyauliza ni mengi na yameshikana, lakini lipo moja lisiloweza kusubiri mengine, nalo ni la huyo kijana wa Facebook: usimlipe. Miamala ya fedha za simu hukaa kwenye mifumo ya kampuni yenyewe, na mtu aliye nje ya kampuni hana mlango wa kuingilia humo ili aurudishe muamala wako. Hata kama angekuwa nao, kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa chini ya kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo ungekuwa umetoa fedha ili kosa jingine litendeke kwa niaba yako. Ukweli ni kwamba hakuna kitakachotendeka. Hao ni matapeli wa duru ya pili, ambao kazi yao ni kupita kwenye mitandao ya kijamii wakiwatafuta watu wanaolalamika kuwa wameibiwa, kwa kuwa mwenye uchungu wa kupoteza fedha hushika chochote kinachofanana na tumaini. Ukishatuma hiyo 150,000 itafuata "kodi ya kutolea fedha", kisha "ada ya kufungua akaunti iliyozuiwa", mpaka utakapochoka au utakapoishiwa. Wengine watakupigia wakijiita maofisa wa Benki Kuu au askari wa kitengo cha mtandao, hasa kama umeeleza kisa chako hadharani. Kufungua taarifa polisi ni bure, RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako polisi, haiuzwi, na Benki Kuu haimpigii mwananchi simu kumdai ada ili arudishiwe fedha zake.

Jambo la pili ambalo ni la leo hii ni akaunti yako ya WhatsApp, kwa maana kila saa inayokaa mikononi mwa tapeli ni nafasi ya kuwaomba fedha watu wengine kwa jina lako. Zile tarakimu sita ulizomsomea ndizo zilizosajili namba yako ya WhatsApp kwenye simu yake. Laini yenyewe hakuichukua, bado iko kwako, na hapo ndipo penye nafuu. Usiifute programu hiyo kwenye simu yako, kwa sababu mazungumzo yaliyomo tutayahitaji baadaye. Ifungue, andika namba yako, omba tarakimu mpya kwa ujumbe mfupi na uziingize. Mara utakapoziingiza, aliyekuwa ndani atatolewa. Huenda ukaombwa pia namba ya siri ya uthibitisho wa hatua mbili ambayo hukuwahi kuiweka; maana yake ni kwamba tapeli aliiweka ili kukufungia nje, na utalazimika kusubiri siku 7 kabla ya kuruhusiwa kuingia bila namba hiyo. Usikate tamaa ukikutana na hilo, kwa sababu katika siku hizo saba yeye naye atakuwa nje, na kumtoa ndilo lengo letu la kwanza. Ukishaingia, fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, ondoa kifaa chochote usichokitambua, kisha weka namba ya siri ya hatua mbili uliyoichagua mwenyewe pamoja na barua pepe yako.

Wengi huniuliza katika hali kama hii iwapo tapeli amesoma mazungumzo yao yote ya zamani. Kwa kawaida hajayasoma, kwa kuwa yamehifadhiwa kwenye simu yako na hayahami kwa tarakimu sita peke yake. Anachokiona ni makundi uliyomo na ujumbe unaoingia tangu aliposhika akaunti, na bila shaka ndivyo alivyolifikia kundi la VICOBA lenu na kuwajua wanachama wake.

Kwa kuwa alikuongoza kubonyeza hatua ambazo huzikumbuki sawasawa, hakikisha pia kwamba hakuelekeza simu zako ziingie kwenye namba yake, mbinu inayotumika ili tarakimu za uthibitisho zinazosomwa kwa sauti zimfikie yeye badala ya wewe. Bonyeza *#21# uone kama kuna namba ngeni inayopokea simu zako, na ukiikuta bonyeza ##002# kufuta maelekezo yote.

Sasa tuje kwenye fedha, na hapa nitasema wazi hata kama si habari unayotamani kuisikia. Kampuni ya simu inaweza kuzuia na kurejesha fedha ikiwa bado zimo kwenye akaunti ya mpokeaji. Matapeli wanalifahamu hilo kuliko sisi, ndiyo maana fedha zikishaingia hutolewa kwa wakala au hugawanywa kwenye namba tatu au nne ndani ya dakika chache. Anayepiga simu huduma kwa wateja dakika ya tano ana matumaini ambayo anayepiga siku ya tatu hana. Hata hivyo, piga namba 100 leo, au bora zaidi nenda kwenye duka la kampuni yako ukiwa na kitambulisho. Wakati mwingine akaunti ya mpokeaji huwa imekwisha kufungiwa kwa malalamiko ya watu wengine na kuna salio lililokwama humo. Halafu, iwe fedha zimebaki au hazikubaki, unahitaji namba ya kumbukumbu ya lalamiko lako na saa lilipopokelewa.

Ukiwa dukani, badilisha namba ya siri ya akaunti yako ya fedha, kisha omba taarifa ya miamala ya mwezi mzima iliyogongwa muhuri. Isome mstari kwa mstari kabla ya kutoka. Angalia siyo tu fedha zilizotoka, bali pia kama kuna mkopo uliochukuliwa kwa jina lako siku ile, kwa sababu aliyekuwa akikuongoza kwenye menyu angeweza kukupitisha kwenye huduma ya mkopo wa simu au ya kuongezewa salio, mfano wa Songesha, na deni hilo litaendelea kukatwa kwenye kila fedha utakayoingiziwa na wateja wako. Ukilikuta, lalamikie siku hiyohiyo kwa maandishi.

Kuhusu jinsi ilivyotokea, maelezo yako yanaelekeza kwenye mbinu ya kawaida kabisa: hatua ulizopitishwa zilikuwa ni menyu yenyewe ya kutuma fedha, ambapo kile alichokiita "namba ya uhakiki" kilikuwa namba ya simu ya mpokeaji, kile alichokiita "kodi ya marekebisho" kilikuwa kiasi, na namba ya siri ukaiingiza mwenyewe ukidhani unaokoa laini yako. Ninalieleza hili kwa sababu lina uzito kisheria. Mfumo wa kampuni utaonyesha muamala uliofanywa na mwenye laini kwa namba yake ya siri, na kwa hiyo kampuni itasema, pengine kwa haki, kwamba mfumo wake haukuvunjwa. Usiende dukani ukiwa umejipanga kuwashitaki wao kwa wizi. Nenda ukiwadai wanachowajibika kukitoa: kupokea lalamiko, kujaribu kuzuia fedha, kukupa taarifa zako, na kushirikiana na polisi.

Usishangae pia wakikataa kukutajia jina la mtu aliyesajili namba iliyopokea fedha. Wateja wengi hupandisha hasira hapo, wakiamini kwamba mhudumu anamlinda mwizi. Taarifa za mteja mwingine haziruhusiwi kutolewa hivi hivi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imelikazia jambo hilo. Mwenye mamlaka ya kuzidai ni mpelelezi, ambaye Sheria ya Makosa ya Mtandao inampa uwezo wa kuitaka kampuni imkabidhi data zinazohitajika kwa upelelezi na kuagiza data zilizo katika hatari ya kupotea zihifadhiwe. Kwa maneno mengine, jina unalolitafuta linapatikana kwa kupitia polisi tu.

Wale wanakikundi wawili nao ni waathirika kwa haki yao wenyewe. Muamala wa kila mmoja umefanyika kwenye laini yake, na wewe huwezi kuulalamikia kwa niaba yake. Kila mmoja apige simu kwa kampuni yake, achukue taarifa yake ya miamala, na aandikishe maelezo polisi. Kama walituma kwenda mtandao mwingine au kwenye akaunti ya benki, safari ya fedha huwa ndefu zaidi, kwa kuwa mfumo wa malipo ya papo kwa papo unaosimamiwa na Benki Kuu, TIPS, hupeleka fedha kutoka taasisi moja hadi nyingine kwa sekunde chache, na kampuni iliyotuma huona zilikoelekea lakini haioni zilikotolewa. Mpelelezi atalazimika kuandika barua kwa taasisi mbili au tatu. Hilo huchukua muda, na ni sababu moja zaidi ya kuanza mapema.

Kabla ya kwenda polisi, panga ushahidi wako. Kosa linalojirudia kuliko yote ni kufuta: mtu akishatapeliwa hufuta ujumbe kwa hasira au kwa hofu kwamba mwenzi wake atauona, na pamoja na ujumbe hufuta kesi yake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, nayo ya mwaka 2015, inaukubali ushahidi wa kielektroniki mahakamani, lakini katika kuupima mahakama huangalia jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyotumwa, na kama umebaki kamili bila kuguswa. Ujumbe ulioko kwenye simu iliyoupokea una nguvu kuliko picha yake, na picha inayoonyesha namba, tarehe na saa ina nguvu kuliko simulizi. Kwa hiyo piga picha za skrini za kila kitu: orodha ya simu zilizoingia, ujumbe wa tarakimu sita, ujumbe wa muamala wenye kumbukumbu namba, na pia yale aliyoyaandika tapeli kwenye kundi la VICOBA, ambayo yamo kwenye simu za wenzako na siyo kwako. Waombe wasifute. Andika pia, ukiwa bado unakumbuka, mazungumzo yote kwa mtiririko: saa aliyopiga, alisema nini, lafudhi yake, sauti zilizosikika nyuma yake, jina alilojipa. Baada ya wiki mbili utakumbuka hasira tu.

Kituo cha polisi kilicho karibu nawe kinatosha kwa kuanzia. Eleza kwamba unataka kutoa taarifa ya makosa ya mtandao, hakikisha unapewa RB, na omba jalada lifikishwe kwenye ofisi ya mkuu wa upelelezi wa mkoa, ambako makosa ya aina hii hufuatiliwa. Ninasisitiza neno makosa, kwa wingi, kwa sababu katika kisa chako yapo angalau mawili na yanapaswa kuandikwa yote mawili katika maelezo yako: kukusababishia hasara kwa udanganyifu, ambao kifungu cha 12 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinauhusu pale unapofanywa kwa njia ya kompyuta, na kujifanya wewe, jambo linalokatazwa na kifungu cha 15. Askari wa zamu anaweza kuandika "kuibiwa simu" au "kupotelewa na fedha" kwa sababu ndiyo maneno aliyoyazoea. Soma maelezo kabla ya kutia saini, na ukiona yamepindishwa omba yarekebishwe kwa upole. Usiiache simu yako bila kuandikiwa hati ya kuipokea.

Kuna jambo watu hulichanganya hapa. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ina namba 15040 ambayo mwananchi huitumia kutuma ujumbe wa kitapeli na namba ya tapeli ili ifanyiwe kazi. Itumie, kwa kuwa namba ikifungiwa jirani yako hatapigiwa. Lakini kutuma kwenda 15040 hakufungui jalada, hakumtafuti mtu, na hakuna fedha itakayorudi kwa njia hiyo. Wapo waliotuma ujumbe huo wakarudi nyumbani wakiamini kwamba wamekwisha kuripoti, na miezi minne baadaye wakashangaa kuona polisi hawana habari nao.

Sasa namba yako ya NIDA. Kutajiwa majina matatu kusikutishe sana, kwa sababu mtu yeyote akianza kukutumia fedha, mfumo humwonyesha jina la mwenye namba kabla hajathibitisha. Namba ya kitambulisho ndiyo ya kuangaliwa. Sijui umewahi kuacha nakala zake wapi, lakini fikiria maduka yote ya kutoa nakala, mawakala wa kusajili laini na fomu za mikopo zilizowahi kupita mikononi mwako. Nakala za vitambulisho vyetu zimesambaa kuliko tunavyopenda kukiri. Bonyeza *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua, nenda duka la kampuni yake uifute, na iandike kwenye maelezo yako ya polisi, kwa kuwa laini hiyo ikitumika kumtapeli mtu mwingine mpelelezi atakuja kwako. Kumbuka pia kwamba namba ya NIDA ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Aliye na namba hiyo ana tarehe yako ya kuzaliwa, na kama namba yako ya siri ni mwaka uliozaliwa, au wa mtoto wako wa kwanza unaouweka hadharani kila akitimiza miaka, ibadilishe leo kwenye simu na kwenye kadi ya benki. Badilisha pia nywila ya barua pepe kabla ya nyingine zote, kwa sababu nywila za mitandao mingine huweza kurejeshwa kupitia barua pepe.

Kuhusu ushauri wa mume wako, naelewa ulikotoka. Aibu ya kutapeliwa ni kubwa kuliko ya kuibiwa, kwa sababu watu humhurumia aliyevunjiwa nyumba na humcheka aliyesoma tarakimu sita kwa hiari yake. Lakini mwambie, kwa heshima zote, kwamba katika jambo hili ukimya unamfaidi mtu mmoja tu. Wanakikundi wako wamekwisha kuguswa, kwa hiyo habari ilishatoka. Kilichobaki ni nani ataisimulia. Leo hii, ukitumia ujumbe mfupi wa kawaida au simu ya mwenzako, waarifu wanakikundi, ndugu na wateja wako kwamba akaunti yako ya WhatsApp ilichukuliwa tarehe fulani, kwamba hujaomba fedha kwa mtu yeyote, na kwamba yeyote aliyeombwa asitume na asifute. Mistari mitatu inatosha. Kwa kuwa wewe ni mhazini, mpe mwenyekiti taarifa ya maandishi pia, ukieleza bayana kama katika zile 1,200,000 kulikuwa na fedha za kikundi. Kama zilikuwemo, sema mwenyewe kabla hujaulizwa.

Jizuie, hata hivyo, kumtangaza mtu. Kishawishi cha kuweka jina na picha ya mwenye namba kwenye mitandao ni kikubwa, na wapo watakaokuhimiza ufanye hivyo. Tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019 na laini zisizosajiliwa kuanza kufungwa Januari 2020, matapeli wamehamia kwenye laini zilizosajiliwa kwa watu wengine: bibi aliyeweka kidole mara mbili kwa msajili wa mitaani kwa kuambiwa kwamba cha kwanza hakikusoma, au kijana aliyeuza laini yake kwa elfu chache. Jina utakalolianika linaweza kuwa la mtu aliyetapeliwa kama wewe, na Sheria ileile ya Makosa ya Mtandao, katika kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha taarifa za uongo. Usimtumie tapeli vitisho, wala usijaribu kumtegea mtego wewe na vijana wa mtaani. Na kwa wale wanaokimbilia kwa mganga ili mwizi avimbe tumbo, nitasema tu kwamba ada ya mganga nayo huwa hairudi.

Utegemee nini baada ya hapo? Mpelelezi ataandika kwa kampuni, kampuni itajibu, na majibu yataonyesha laini iliyopokea, mahali fedha zilipotolewa, wakala na saa. Mara nyingi njia hiyo huishia mkoa mwingine kabisa. Takwimu za TCRA zimekuwa zikiitaja mara kwa mara mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa juu katika matukio ya utapeli kwa simu, na jalada lililofunguliwa Mwanza linaweza kuhitaji askari wa huko. Zipo kesi zinazofika mwisho, hasa pale malalamiko ya watu wengi yanapokutana kwenye simu moja au kwa wakala mmoja, na ndiyo sababu taarifa yako ina thamani hata kama peke yake ingeonekana ndogo. Zipo pia, na ni nyingi, zinazolala. Fuatilia kila baada ya wiki mbili ukiwa na RB mkononi, andika jina la uliyezungumza naye na tarehe, na kama hakuna kinachosogea muone mkuu wa upelelezi. Mshitakiwa akipatikana na hatia, mahakama ina uwezo wa kuamuru akulipe fidia, kwa hiyo mkumbushe mwendesha mashtaka mapema kwamba unaiomba, na uwe na nyaraka za kuthibitisha kiasi.

Kama kampuni ya simu haitakujibu, au itakujibu kwa maneno matupu, unayo ngazi ya juu. Jambo la laini na usajili linapelekwa TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapo Mwanza. Jambo la fedha linapelekwa Benki Kuu, ambayo nayo ina tawi hapo na hupokea malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha chini ya kanuni za mwaka 2019 za kuwalinda. Katika njia zote mbili utaulizwa kwanza kama ulimlalamikia mtoa huduma na alijibu nini, na hapo ndipo ile namba ya kumbukumbu ya dukani itakapokufaa. Kinacholalamikiwa huko ni uzembe wa kampuni, kwa mfano kama uliripoti ndani ya dakika kumi na haikuchukua hatua. Haidaiwi kubeba hasara ya kila mteja aliyedanganywa. Wewe uliripoti lini kwa mara ya kwanza? Hukuniambia, na jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama njia hii ina faida kwako.

Mwisho ni wale wawili waliotuma 850,000. Kwa maelezo uliyonipa, sioni msingi wa kisheria wa kukufanya mdaiwa wao: hukuomba fedha hizo, hukuzipokea, na aliyetenda kosa la kujifanya wewe ni mtu mwingine. Fedha za kikundi zilizokuwa kwenye akaunti yako, kama zilikuwemo, ni suala tofauti, kwa kuwa ulikabidhiwa uzitunze. Hapo isomwe katiba ya kikundi, na uamuzi ufanywe kwenye mkutano na uandikwe kwenye muhtasari. Najua pia kwamba kwenye VICOBA watu hawaishi kwa sheria peke yake, na huenda ukaona ni heri ulipe sehemu ili uaminifu ubaki. Ukiamua hivyo, usilipe kwa mdomo. Andikeni karatasi fupi, mbele ya mwenyekiti na katibu, inayosema kwamba unatoa kiasi hicho kwa hiari bila kukiri deni, kwamba malalamiko yao polisi hayaondolewi, na kwamba kampuni au mahakama ikirejesha fedha zao, sehemu uliyokwisha kuwalipa itarudi kwako. Nakala moja ikae kwenye faili la kikundi na nyingine ikae kwako pamoja na RB.